Maktaba za masomo: mtaji wa watayarishaji wa kozi unavyobaki kwa wateja

Anayetayarisha kozi za mtandaoni Nairobi au Dar es Salaam anajua pesa zinaishia wapi. Gharama kubwa ni saa za watu: anayeandika, anayerekodi, anayetunga maswali. Kuhifadhi faili ni senti. Ndiyo maana majukwaa mengi ya kuandalia kozi sasa yana maktaba, mahali ambapo video, maelezo na maswali huwekwa mara moja na kuchotwa na kozi yoyote inayoyahitaji. Chombo kipo, lakini wengi katika biashara hii bado wanaanza kila kozi na ukurasa mtupu.

Hasara yake inaonekana kwa urahisi kwenye somo la kodi. Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha Januari 2021 ikairudisha 16. Mwenye zoezi moja la kukokotoa kodi kwenye maktaba, linalotumiwa na kozi ya wenye maduka na ya makarani wa vyama vya akiba, alirekebisha mahali pamoja mara mbili. Aliyekuwa amenakili na kubandika alilazimika kupekua kozi moja baada ya nyingine, na iliyomponyoka iliendelea kufundisha kodi isiyokuwapo tena. Ukilipeleka zoezi hilohilo Tanzania Bara, kiwango cha kawaida ni 18. Anayepanga vizuri hutenga kiwango cha kodi na maelezo ya hesabu tangu mwanzo, ili asirekodi upya kwa sababu ya tarakimu moja.

Lakini ukikaa na watayarishaji wenyewe, mazungumzo hayachukui muda kuhama kutoka kwenye mbinu hadi kwenye mikataba. Mmoja wa Nairobi, mwalimu wa sekondari wa zamani aliyeingia kazi hii baada ya shule kufungwa Machi 2020, ana dukuduku ambalo wenzake wengi wanalo. Alimtungia mteja kozi ya utunzaji wa vitabu vya hesabu, na kwa kila jibu lisilo sahihi akaandika maelezo ya kumwonyesha mwanafunzi alipokosea. Anasema maelezo hayo yalimchukua muda mrefu kuliko kozi yenyewe. Alipopata mteja wa pili aliyetaka kozi inayofanana, akachota maswali yake. Haikupita muda akapokea barua ya wakili.

Sheria haikuwa upande wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kwamba haki za kazi iliyoagizwa zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Mkataba wake ulikuwa kimya kuhusu jambo hilo. Kwa maoni yake, alilipwa bei ya kozi moja na mteja akaondoka na maktaba nzima. Mimi naona ana haki ya kulalamika, ingawa mahakamani lalamiko hilo lisingemfikisha mbali.

Kwa maudhui yanayolipiwa na serikali, ofisa mmoja wa elimu anashikilia kwamba kutumia tena maudhui kutapunguza gharama za kozi kwa nusu, na kwamba yaliyolipiwa na umma yatakuwa ya wote. Hakueleza nusu hiyo imekokotolewa vipi. Watayarishaji wanasema wanachokabidhiwa ni PDF na video zilizokwisha kufungwa, bila faili za awali zinazoharirika. Kitu kama hicho unaweza kukitazama, lakini kukitumia upya ni kazi nyingine, na ni hesabu nyingine pia.

Mwalimu huyo wa zamani alifungua kompyuta yake kunionyesha video ya dakika 14 kuhusu mizania. Inaanza na salamu: karibuni tena, kama tulivyoona wiki iliyopita. Nembo ya mteja iko pembeni muda wote. Lebo za jedwali zimechorwa ndani ya picha kwa Kiingereza, kwa hiyo hata tafsiri ya Kiswahili itadai mchoro mpya. Somo ni zuri sana, ila limefungiwa kwenye kozi moja. Siku hizi anarekodi vipande vya dakika tatu visivyotaja wiki wala mteja, na kila kipande kina mada, lugha, mwenye haki na tarehe kilipokaguliwa mara ya mwisho.

Hata hivyo mipaka ipo. Ukibadilisha swali ambalo wanafunzi wamekwisha kulijibu, unaweza kuvuruga alama zao. Na wateja wanaotaka kozi nzima kwenye kifurushi cha SCORM (muundo wa kufungasha kozi ili iendeshwe kwenye mifumo mbalimbali), mara nyingi toleo la 1.2 la 2001, wanapata nakala iliyokatika na maktaba. Marekebisho ya baadaye hayaifikii. Mitaala inayobadilika, kama iliyoanza kutumika Tanzania 2024, inaweza kuongeza kazi, au ikaozesha vipande vingi kwa pamoja. Bado ni mapema kusema kipi kitazidi.

Kwa anayesaini mkataba wa kozi mwezi huu: tafuta kifungu cha umiliki. Usipokiona, omba kiandikwe kabla ya malipo ya awali, na maswali uyataje kando na kozi.