Maandamano wakati wa corona: hatari iko wapi hasa?

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na alikuwa hapa hapa Arusha, ameingia kupitia KIA siku moja kabla. Tangu hapo wasikilizaji wetu wametuuliza swali moja kwa namna nyingi: ukiwa na sababu ya kwenda penye umati, iwe maandamano, kampeni au msiba, unajikingaje? Uende au usiende, hilo ni lako na sheria zilizopo. Sisi tunaeleza ugonjwa.

Tuwatazame majirani. Julai 7, 2020, siku ya Saba Saba, vijana wa Nairobi waliandamana kupinga ukatili wa polisi. Polisi walifyatua mabomu ya machozi na kukamata makumi ya watu. Moshi ule ukikuingia unakohoa, unapiga chafya, unavua barakoa na kufikicha macho kwa mikono iliyoshika kila kitu. Kisha mnarundikwa kwenye karandinga, na baadaye mahabusu, chumba ambacho hewa haitoki.

Hewa ndiyo habari yenyewe. Corona huenea zaidi kwa hewa tunayoitoa, na mahali pa wazi upepo huitawanya. Ndiyo maana watafiti waliochunguza maandamano ya Marekani ya mwaka 2020, baada ya kifo cha George Floyd, katika miji zaidi ya 200, hawakuona maambukizi yakipanda kama ilivyohofiwa. Sababu nyingine ni kwamba watu wengine wengi walibaki nyumbani siku hizo.

Sasa mpime mtu wa Tengeru au Usa River anayekuja mjini. Uwanjani anapigwa na upepo wa Meru. Kwenye Hiace amebanana na wenzake, vioo vimefungwa kwa baridi ya Julai. Mnakumbuka ile "level siti"? Haikudumu, lakini ilikuwa na maana. Fungua kioo, hata kama jirani yako atanung'unika.

Beba barakoa mbili, ya akiba ikae kwenye mfuko safi, kwa sababu iliyolowa jasho au kushika moshi haifai tena. Kuimba na kupiga kelele hurusha mate kuliko kuongea, kwa hiyo mwenye bango kubwa hana haja ya kupaza sauti. Moshi ukija, ondoka upande unakotoka upepo, suuza macho kwa maji safi mengi. Chupa yako ya maji usichangie. Na nyungu, tuseme ukweli, haizuii virusi.

Tunaloliogopa zaidi ni kurudi nyumbani. Dalili za corona ile ya mwanzo zilichukua wastani wa siku 5 au 6 kujitokeza, wakati mwingine hadi 14, na mtu aliweza kuambukiza wengine siku mbili kabla hajahisi lolote. Kijana anarudi Nkoaranga mzima kabisa, anakaa jikoni na bibi yake wanaota moto, mlango umefungwa. Wiki mbili hizo msalimie bibi ukiwa uani, lala chumba chako. Ukianza homa, kikohozi au kubanwa pumzi, wahi zahanati, na mwambie mganga kwamba ulikuwa kwenye umati.