Kahawa kando ya mfereji na mtoto anayejua kuogelea

JUA likitoka mjini Utrecht, Uholanzi, watu hawakai ndani. Mikahawa hupanga viti na meza nje, mzazi huagiza kahawa na kipande cha keki ya tufaha, mtoto hupewa juisi, na saa nzima hupita familia ikitazama boti na bata.

Mji huu una raha yake ya pekee. Kwenye mfereji wa Oudegracht, unaopita katikati ya mji, unaacha barabara juu na kushuka ngazi hadi kwenye gati, karibu usawa wa maji. Hapo ndipo zilipo baraza za mikahawa. Nyuma ya meza kuna vyumba vilivyojengwa chini ya barabara tangu zama za kati, ambamo wafanyabiashara walihifadhi shehena zilizoshushwa kutoka kwenye boti.

Wenyeji wanajua thamani ya maji hayo, kwani waliwahi kuyapoteza. Miaka ya 1970, sehemu ya Catharijnesingel, mfereji unaozunguka mji mkongwe, iligeuzwa kuwa barabara ya magari. Mwaka 2002 wananchi walipiga kura na kuchagua mpango wa kuurudisha. Septemba 2020 maji yalirudi.

Hata hivyo, mzazi mgeni akishuka Oudegracht anaweza kushtuka. Sehemu kubwa ya gati haina uzio, na meza za mwisho ziko hatua chache tu kutoka majini. Wenyeji wanakunywaje kahawa kwa utulivu?

Utulivu huo huandaliwa mapema, kwenye bwawa la kuogelea. Watoto wengi wa Uholanzi huanza kujifunza wakiwa na miaka minne au mitano, na kuna vyeti vya ngazi tatu: A, B na C. Katika mtihani wa A, mtoto huogelea akiwa amevaa nguo na viatu, kwa sababu anayeteleza na kuangukia mferejini hana muda wa kubadili nguo. Pia hupiga mbizi na kupita kwenye tundu la turubai lililo chini ya maji, umbali wa mita 3. Kwenye ngazi ya C umbali huo ni mita 9.

Cheti hakimwondolei mzazi jukumu lake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya kimya, huku wakubwa wakiwa na mazungumzo yao.

Kwa hiyo, familia inayokwenda kupumzika kando ya mfereji, mto, ziwa au bahari ikubaliane mambo machache kabla ya kuagiza chochote. Mtoto asiyejua kuogelea akae upande wa ukutani, mbali na maji. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kumwangalia, bila pombe na bila simu mkononi, kisha wapokezane. Na wakirudi nyumbani, wamtafutie mwalimu wa kuogelea.