Bustani ya Usiku Isiyoumiza Macho

Huko Irente, jirani na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Shule hiyo yatukumbusha kuwa bustani si ya macho pekee. Giza linapotanda juu ya milima ya Usambara, pua hupokea harufu ya asumini, vidole hupapasa mchaichai, na masikio husikiliza vyura.

Basi taa za bustani kama hiyo ziwekwe vipi? Twaona ziwe chache, zisizozidi kimo cha goti, zenye kifuniko kinachoelekeza mwanga chini, njiani na kwenye ngazi. Mwanga wa manjano, wa Kelvini 2,700 au pungufu, wafaa kuliko mweupe, kwani huwasumbua kidogo vipepeo wa usiku wanaochavusha maua. Taa kali iliyo wazi humtia mzee kiwi, na humuumiza mtoto mwenye ualbino.

Enyi wazazi, kabla ya kununua taa, kaeni gizani na watoto wenu kwa dakika 20 hadi macho yazoee. Kisha tembeeni polepole, mkaiweke taa pale tu mguu unapokosa njia.