Gereza halitoi talaka

Wanaoniuliza ni mabinti wa Ujiji, Katonga na Kibirizi, wengi hawajafika miaka 25. "Mume wangu yuko gereza la Bangwe, huu mwaka wa pili. Si ndoa imeshakufa?"

Haijafa. Nimechoka kulijibu swali hili, na wanaonichosha zaidi ni mashangazi wanaowatuma baada ya mahari ya pili kupokelewa na kuliwa.

Hiyo "miaka miwili" inatoka wapi? Nadhani ni Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyosikiwa nusunusu. Miwili imo kweli, ila kwa mambo mengine: ndoa changa kuliko hapo haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama, na waliokaa kinyumba muda huo, watu wakiwajua kuwa mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Kwa kifungo sheria inataja miaka 5 au zaidi, au maisha. Na hata mitano haiui ndoa. Ni ushahidi tu kwamba imevunjika. Hakimu atapima urefu wa kifungo na aina ya kosa. Mahabusu je? Huyo hajafungwa, anangoja kesi.

Usiniletee pia barua ya mwenyekiti wa mtaa, wala "sheikh kasema". Hata baraza la usuluhishi wa ndoa linasuluhisha na kutoa hati tu, haliivunji ndoa. Hata mume akikutamkia talaka siku ya kuonana, sheria ya nchi bado inadai amri ya mahakama. Bila amri hiyo, ndoa yako ya pili ni batili, hata kama pilau lililika mtaa mzima. Mume aliyefungwa akitoka, wewe bado ni mke wake kisheria, na yule uliyezaa naye si mumeo. Ugomvi wa hapo nimeusuluhisha mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Sasa haraka. Unataka kutoka: nenda baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la BAKWATA, chukua hati, fungua shauri mahakama ya mwanzo. Kifungo chake ni miaka 5 au zaidi? Unaweza kuliruka baraza. Chukua nakala ya hukumu. Hujaamua? Omba kutengana kwanza. Unamngoja? Mwandikie, na umpeleke mtoto amwone baba yake.

Ila ukishaamua kuondoka, nenda Bangwe umwambie kwa kinywa chako, asije akazisikia habari hizo kwa mahabusu mpya aliyeletwa jana kutoka Kibirizi.