Januari ya Binti wa Mweru

Huko Nchelenge, ufukoni mwa ziwa Mweru nchini Zambia, wavuvi huwasha taa usiku kuvua dagaa waitwao chisense. Kuwanunua, kuwaanika na kuwauza ni kazi ya akina mama; fedha hizo hununua unga, dawa ya bibi mzee na daftari la mtoto.

Lakini tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Shule hufunguliwa Januari, mfuko wa nyumba ukiwa mwepesi. Hapo ndipo wazazi huulizana: nani abaki nyumbani? Mara nyingi hutajwa binti.

Zambia iliondoa ada katika shule za serikali mwaka 1997? La, mwaka huo iliruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Ada za sekondari ziliondolewa 2022. Tanzania nayo iliwafungulia mlango wasichana hao mwaka 2021.

Mlango u wazi. Nawe baba uliye kambini, ugawapo mshahara, usimsahau binti. Mama asiyejua kusoma mizani hupunjwa ujanani, na uzeeni huomba asomewe hata barua ya mwanawe.