Kusoma Kandanda (Sehemu ya Pili): Mchambuzi Anaposema Kweli na Bado Akapotosha

Katika sehemu ya kwanza tuliwaangalia waandishi walioipa kandanda maktaba yake: Eduardo Galeano wa Uruguay, aliyesimulia historia ya mchezo huu mwaka 1995 kwa vipande vifupi vifupi, Nick Hornby, aliyeonyesha mwaka 1992 jinsi mapenzi ya Arsenal yanavyoweza kutawala maisha ya mtu, na Simon Kuper, aliyezunguka nchi nyingi akichunguza siasa iliyo nyuma ya mpira. Leo tunageukia mijadala. Magazeti ya michezo yamejaa mezani, redioni wachambuzi hawalali, na kijiweni kila mtu ni kocha. Msomaji atamjuaje anayefafanua na anayepiga kelele?

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mchambuzi ana upande wake. Hilo halina ubaya. Tunachopaswa kumdai ni kimoja: pamoja na hukumu yake, atupe pia kipimo alichotumia, ili tukitaka kumkatalia tuweze. Tuone mijadala mitatu.

Daftari la Swindon

Machi 1950, Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alikuwa uwanjani Swindon. Akiwa amechoshwa na uchezaji wa taratibu, katika kipindi cha pili alitoa daftari akaanza kuandika kila pasi na mwisho wake. Hakuacha tena. Katika miongo iliyofuata alirekodi zaidi ya mechi 2,000, na mwaka 1968, pamoja na mtakwimu Bernard Benjamin, alichapisha matokeo yake katika jarida la chama cha kifalme cha watakwimu wa Uingereza.

Alichokuta ni hiki: takriban asilimia 80 ya mabao yalitokana na mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu. Kwa Reep maana yake ilikuwa wazi. Pasi nyingi ni kupoteza muda. Mpira upigwe mbele haraka, washambuliaji waukimbilie. Charles Hughes, aliyekuja kusimamia mafunzo ya makocha katika Chama cha Soka cha England, alifika kwenye fikra zinazofanana na hizo kwa njia yake mwenyewe, na mpira mrefu ukapata baraka za darasani.

Ile asilimia 80 haikuwa uongo. Kasoro ilikuwa kwamba haikuulizwa swali ambalo mchuuzi yeyote angeliuliza: kati ya ngapi? Jonathan Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu historia ya mbinu za soka, alirudi kwenye takwimu zilezile na kuonyesha kwamba mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu yalikuwa asilimia 91.5 ya mashambulizi yote. Tupige hesabu. Chukua mashambulizi 1,000 yaliyozaa mabao 10. Yale ya pasi chache ni 915, yamezaa mabao 8: bao moja kwa kila mashambulizi 114 hivi. Yale ya pasi nyingi ni 85 tu, yamezaa mabao 2: bao moja kwa kila mashambulizi 43 hivi. Daftari la Reep lilikuwa linasema kinyume cha alichokuwa akikihubiri.

Hata hivyo, msomaji makini asiishie kumpigia Wilson makofi. Huenda timu zinazopiga pasi nyingi hufunga zaidi kwa sababu tangu mwanzo zina wachezaji bora, si kwa sababu ya pasi zenyewe. Lakini pingamizi hilo tumeweza kulitoa kwa kuwa kipimo kimewekwa mezani.

Bao la ugenini

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Mei 28, 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku sita baadaye jijini Algiers, penalti ya Djuma Shabani iliipa Yanga ushindi wa 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa sheria ya mabao ya ugenini. Hoja iliyosambaa haraka ilikuwa kwamba Ulaya wameshaifuta sheria hiyo, basi Afrika inangoja nini?

Hoja hiyo ni nusu ya hoja. UEFA iliianzisha sheria hiyo mwaka 1965, enzi ambazo safari zilikuwa ngumu na timu ngeni ilienda kujilinda tu. Bao la ugenini likapewa uzito ili wageni washawishike kushambulia. Ilipoifuta mwaka 2021, UEFA ilitoa takwimu: tangu katikati ya miaka ya 1970, ushindi wa nyumbani ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na wa ugenini ulikuwa umepanda kutoka asilimia 19 hadi 30. Zaidi ya hayo, sheria ilikuwa imeanza kuwatia hofu wenyeji, wakicheza mechi ya kwanza kwa kuogopa kufungwa.

Kwa hiyo swali la Afrika halihusu kilichofanyika Ulaya, bali kama sababu iliyoizaa sheria ingali hai huku. Klabu zetu bado husafiri mbali, hubadilisha ndege, na hukuta viwanja na mashabiki wasio na huruma. Anayetaka sheria ifutwe aanze na hesabu ya mechi za CAF. Anayetaka ibaki naye afanye hivyo hivyo. Machungu ya shabiki wa Yanga ni halali, ila hayawezi kusimama badala ya hesabu.

AFCON kila baada ya miaka minne

Desemba 2025, rais wa CAF, Patrice Motsepe, alitangaza kwamba baada ya mwaka 2028 AFCON itachezwa kila baada ya miaka minne badala ya miwili. Wanaounga mkono wanataja kalenda iliyojaa na mvutano wa muda mrefu na klabu za Ulaya kuhusu kuachilia wachezaji. Wanaopinga wanauliza mapato ya mashindano hayo yatafidiwaje kwa vyama vya soka visivyo na wafadhili wakubwa.

Mimi ninaongeza swali la tatu: nani anapunguziwa nafasi? Tanzania ilicheza AFCON mwaka 1980, kisha ikasubiri miaka 39 hadi kurudi mwaka 2019. Ikarejea katika mashindano ya 2023 na ya 2025, na yale ya 2027 itayaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Misri au Senegal wakikosa mashindano mara moja, watarudi. Taifa lililoanza juzi kuzoea hewa ya juu linahitaji nafasi nyingi za kujaribu, na sasa zinakatwa nusu. Mwandishi anayelijadili jambo hili kwa kuhesabu uchovu wa mastaa wa Ulaya pekee amehesabu upande mmoja wa ubao.

Basi msomaji, mchambuzi akikutajia asilimia, muulize kati ya ngapi. Akisema wenzetu wamebadilisha, muulize walibadilisha kwa sababu gani. Akisifu uamuzi, muulize ni nani anayeulipia. Atakayejibu, endelea kumsoma hata kama hashabikii timu yako. Wiki ijayo tutayapeleka maswali haya kwenye VAR.