Saa ya Kuungua: Takwimu Isiyoandikwa

Katika kijiji kama Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, chakula aghalabu hupikwa juu ya mafiga matatu, mahali ambapo mtoto atambaaye hufika bila kizuizi. Sufuria ikipinduka, majeruhi hupelekwa kutibiwa, na katika daftari la MTUHA huandikwa jina, umri na ugonjwa: kuungua. Mwisho wa mwezi neno hilo hugeuka tarakimu, nayo tarakimu hupelekwa wilayani na hatimaye wizarani. Saa aliyoungua hubaki nyuma.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza saa ina maana gani. Ngozi iunguapo, mishipa midogo huvuja na maji ya damu hupotea, hasa katika saa za mwanzo. Kanuni ya Baxter na Shires wa hospitali ya Parkland, Dallas, Marekani, iliyotolewa mwaka 1968, huzidisha mililita 4 kwa kilo za mgonjwa, kisha kwa asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeungua asilimia 20 huhesabiwa lita 4 kwa siku ya kwanza, na lita 2 kati ya hizo ziingie katika saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika wodini. Aliyekawia njiani saa 5 amebakiwa na 3. Muuguzi asiyelijua hilo atamcheleweshea maji, na figo zaweza kushindwa kazi.

Watoto wana hesabu yao. Kichwa cha mtu mzima ni asilimia 9 ya ngozi yake. Cha mtoto wa mwaka mmoja hukaribia mara mbili ya hiyo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha rejesta ya kimataifa ya majeraha ya moto, ambamo hospitali hujaza fomu ya namna moja, bila majina, ili zilinganishe matokeo yao. Ni hatua njema. Lakini hujazwa hospitalini, na aliyefia njiani hamo.

Kwa maoni yangu, kazi ianzie kwenye karatasi ya rufaa: saa, kilichomuunguza, uzito, mchoro wa mwili uliotiwa kivuli palipoungua, na kama jeraha lilipozwa kwa maji dakika 20. Nayo saa iandikwe kwa uangalifu. Mama akisema "saa mbili asubuhi", iandikwe 08:00; ikiandikwa 2:00, wodini itasomwa kuwa usiku wa manane, na hesabu ya maji itakosewa kwa saa 6.